Manyunyu Tu

Tenti zangu hazivuji. Naanza na hilo kwa sababu yule mzee alizunguka Kisumu yote akiwaambia watu kwamba zinavuja, na mpaka leo kuna mama mmoja hapa Migosi anayechukua viti kwangu lakini tenti anaenda kukodi kwingine. Biashara hii niliianza kifungua mimba wangu akiwa mgongoni, na sasa kifungua mimba huyo ana wake. Kila turubai jipya nalitundika uani, nalimwagia maji ndoo kwa ndoo, na mimi mwenyewe nasimama chini yake bila leso kichwani. Likinidondoshea tone moja linarudi dukani lilikotoka. Kwa hiyo tuelewane mapema.

Mzee mwenyewe alikuwa mpishi wa pilau. Si wa hoteli, wa shughuli: harusi, maulidi, matanga, na siku moja sherehe ya mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Tulimwita Mpishi. Jina alikuwa nalo, lakini hata imamu akitaka kumtuma mtu kwake alisema, "Nenda kwa Mpishi." Alizaliwa wapi, babu yake alipanda treni na nani kutoka pwani, mama yake alikuwa wa kina nani huku ziwani, hayo waulize watu wa Kaloleni, mtaa wake hapa Kisumu, wanayajua na wanapenda kuulizwa. Mimi namjua kuanzia kwenye sufuria.

Alikuwa na masharti yake. Kwanza, hakuketi. Mimi ninayeleta viti vya uwanja mzima sikuwahi kumwona amekalia hata kimoja sufuria ikiwa motoni. "Aliyeketi ameshamaliza," alisema, na akiona msaidizi wake ametafuta kiti anamwuliza kama amestaafu. Pili, tenti haikukaribia moto wake. Moshi ukizuiwa, alisema, unarudi kwenye nyama, na wali uliopikwa gizani unaweka kinyongo. Mimi nami sikutaka cheche za kuni zitoboe turubai langu, kwa hiyo katika hilo tulipatana, ila yeye alilifanya liwe la kunidharau. Dunia nzima inaniita Mama Tenti. Yeye aliniita Mama Viti. Viti vina kazi, alisema, mtu anavikalia. Tenti ni ya kumficha mtu asione mbingu, na hata hivyo inavuja.

"Tenti zangu hazivuji, Mpishi."

"Itavuja tu. Ngoja."

Tulijibizana hivyo miaka na miaka, kama watu wengine wanavyosalimiana.

Alichokitaka kwa moyo wote kilikuwa kitu kimoja, na kila aliyefanya kazi naye alikijua maana hakukificha. Alimlea mjukuu wake Salma tangu mama wa mtoto alipofariki, akamsomesha kwa pilau za watu mpaka akawa mwalimu kule Sondu. Sasa alitaka ampikie pilau ya harusi yake kwa mkono wake mwenyewe, halafu aache. "Nikishampikia Salma," alisema akikoroga, "mwiko huu nitaufanya komeo la mlango." Mwiko wenyewe ulikuwa mrefu kama kasia, umeliwa upande mmoja kwa kukwangua sufuria. Hiyo ndiyo harusi aliyoingoja kuliko zote alizopika.

Sasa, neno. Watu wengi wa hapa matone yakianza wanasema mvua imekuja, wanakimbia, na hawakosei. Mvua yetu haipigi hodi. Jua linakuchoma mchana kutwa, kisha wingu linatokea upande wa milima ya Nandi, upepo unageuka, na kabla hujapata kiatu cha pili umeshalowa. Kwangu mimi kila tone ni mvua. Kazi yangu inataka hivyo. Kwa Mpishi kila tone lilikuwa manyunyu mpaka lithibitishe vinginevyo. "Manyunyu tu," alisema bila hata kuinua uso, na wageni waliokwisha kushika mabegi yao wakakaa tena.

Kilichothibitisha ni kifuniko. Wali ukikaribia kukauka, mpishi wa pilau anapalia: anaweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili sufuria iive juu na chini. Mpishi wetu aliacha ukingo mtupu pembeni, upana wa kiganja, bila kaa hata moja. Tone likianguka pale linalia tss, linakauka. Likikauka kabla ya jingine kufika, hayo ni manyunyu, kazi inaendelea. La pili likilikuta la kwanza bado bichi, hiyo ni mvua. Na mvua kwenye hatua hiyo ni msiba, maana makaa yanazimika, maji yanapenya, na wali wa watu unaharibika pale umebakiza kidogo tu uive.

"Mbingu zina maneno mengi," alisema. "Mimi nasikiliza kifuniko."

Shida ni kwamba alikuwa mbishi hata kwa kifuniko chake. Tulikuwa Awasi, harusi ya watu wa kanisa, boma limejaa. Akapalia, na matone yakaanza. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, na niliuona ule ukingo kwa macho yangu haya mawili. Ulikuwa unang'aa maji.

"Mpishi, kifuniko kinaogelea."

"Manyunyu, Mama Viti. Chururu si ndo ndo ndo." Hiyo ni methali ya watu wa pwani, kwamba maji yanayotiririka si sawa na yanayodondoka, na aliitumia kunifunga mdomo.

Basi chururu ikaja. Ilikuja na upepo, ikamwaga, makaa yakafuka moshi mweupe na kufa, na alipofunua sufuria ndani mlikuwa na uji wenye nyama. Mtu mwingine angetafuta njia ya kurudi Kisumu kwa miguu. Yeye aliutazama wali, akavuta pumzi, akashika mwiko kwa mikono miwili na kuanza kuuponda. Aliponda mpaka punje zote zikapotea, akamwagia samli juu, akamwita baba wa bwana harusi. "Hii inaitwa bokoboko," akamwambia. "Kwetu pwani haipikwi ovyo. Ni ya wageni wa heshima." Wazee wasio na meno walikula mpaka wakaomba baraka mara mbili. Mimi nilienda nyuma ya lori nikacheka peke yangu, maana ningecheka mbele yake nisingefanya naye kazi tena.

Si hayo tu. Mwaka uliofuata nyumba hiyo hiyo ilioza binti, wakatuita, na baba mwenye boma akasema wazi: hawataki pilau ya kawaida, wanataka ule wali wa wakubwa, ule wa kupondwa. Njia yote kutoka Kisumu Mpishi alinung'unika. "Nimepika maisha yangu yote," alisema, "na Awasi wananijua kwa kosa." Siku hiyo ilibidi apike pilau safi kabisa, kisha aimwagie maji kwa makusudi. Nilimwona akimwaga. Aligeuza uso pembeni.

Neno hilo lilikuwa na kazi nyingi kuliko jembe. Kabla ya kupalia alichovya vidole kwenye bakuli la maji akakung'uta juu ya wali, mara hapa mara pale, na hayo nayo aliyaita manyunyu. Mvua inaua wali, alisema, manyunyu yanauamsha. Sifa zake pia zilikuwa za hivyo. Wanawake waliomkatia vitunguu miaka yote hawakuwahi kusikia "vizuri" kutoka kwake. Walisikia "si mbaya," na hapo wakajua wamefanya vizuri sana. Nilimwuliza siku moja kwa nini ni mchoyo hivyo. Akasema sifa ni kama maji ya mche, unanyunyiza, ukimwaga debe zima mizizi inaoza. Nikamwambia basi mimi mizizi yangu ni mizima kabisa, maana tangu anijue hajaninyunyizia hata tone.

"Viti vyako si vibaya," akasema.

Harusini alikuwa na sheria ya machozi. Mama wa bibi harusi ana haki ya manyunyu: apanguse jicho moja, la pili, basi. Akileta mvua, bibi harusi atadhani anapelekwa jela. Akisikia kilio kimezidi ndani ya nyumba, alipeleka chai ya tangawizi kwa mkono wa mtu na ujumbe kwamba mpishi anauliza kama kuna msiba, abadilishe mapishi. Kilio kilikoma. Nimeona mama wengi wakicheka na kamasi kwa sababu ya ile chai.

Hatimaye sote tukaambukizwa. Bomba la Migosi likitoa maji ya kudondoka, majirani zangu wanasema leo ni manyunyu, weka mtungi mapema. Vijana wa boda pale njiani ukiwauliza biashara iko aje, wanakujibu, "Manyunyu tu, Mathe." Mpishi alipita hapo siku moja akawasikia, akasimama.

"Ya asubuhi au ya jioni?" akauliza.

"Kwani kuna tofauti, Mzee?"

Basi wakapata somo. Manyunyu ya asubuhi hayana nia yoyote, yanapita tu kama mgeni aliyekosea mlango. Ya jioni yametumwa. Na yale ya juani, ambayo watu wanasema fisi anazaa, hayo si ya fisi. Ni Mungu anapepeta. Vijana wakamwambia sawa, basi yao ni ya asubuhi, na mmoja akampeleka nyumbani bure.

Usidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa kunyooka kama uzi. Mpishi wa pilau huyu hakula pilau. Kazi ikiisha, wageni wakijilamba vidole, yeye alikuja kusimama kwenye kivuli cha lori langu na kufungua bakuli lake alilotoka nalo nyumbani: ugali na omena, dagaa wa ziwani. "Pilau ni ya wageni," alisema. "Mimi mwenyeji." Mwezi wa Ramadhani alipika futari ya watu bila kuonja, kwa pua tu, na chumvi ikatoka sawasawa. Ramadhani ikiisha, akawa anaonja kila dakika na kulalamika kwamba chumvi ya siku hizi haina uaminifu. Na huyo mdharau mvua aliogopa radi kuliko mtoto. Ngurumo ikisikika hata kule mbali Nandi, alivua saa ya mkononi akanikabidhi mimi niishike. Nilimwuliza, Mpishi, yaani radi inipate mimi? Akasema mimi nina tenti.

Huyo ndiye mtu niliyemjua, na ningeweza kukaa hapa mpaka jioni nikimsimulia. Lakini neno lake lilikuwa na upande mwingine, na huo sikuupenda.

Mambo makubwa pia aliyaita manyunyu. Mkewe alipofariki, nilipeleka tenti na viti Kaloleni kabla hata sijaitwa. Nilimkuta amesimama uani, hana la kufanya, maana msibani kwake walipika majirani. Nikampa pole, nikamwuliza anaendeleaje. "Manyunyu tu, Mama Viti," akasema. "Yatapita." Sauti ilikuwa ile ile. Ila nilitazama chini nikaona amevaa kandambili za mkewe, ndogo, visigino viko nje vinagusa ardhi, na hajui. Iliniuma. Nilitaka kumwambia kwamba mtu anaruhusiwa kulowa, lakini yeye si mtu wa kuambiwa hivyo, nikaenda kupanga viti.

Na ndivyo alivyofanya na macho. Mwanzo tulidhani ni mambo ya uzee. Alipapasa kabla ya kushika kitu. Akaanza kuacha ukingo mpana zaidi kwenye kifuniko, kisha akawa anainama karibu mno na moto, nyusi zikaungua. Alimwagia mtu maji ya moto karibu na mguu, akasema huyo mtu ndiye aliyesimama vibaya. Nikimwuliza anaonaje, jibu lilikuwa tayari. "Naona. Kuna manyunyu kidogo tu machoni." Salma alikuja kutoka Sondu siku ya mapumziko, akamshika mkono, akampeleka hospitali kwa nguvu. Daktari akasema ni presha ya macho, dawa itachelewesha, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka polepole. Salma aliniambia hayo dukani kwangu akiwa amekaa juu ya rundo la turubai, analia. Alisema babu yake alipotoka kwa daktari aliuliza swali moja tu: polepole kiasi gani?

Sote tulijua anahesabu nini.

Maana mchumba alikuwepo, ila alikuwa mtu wa kukawia. Kijana wa duka la dawa pale Sondu, mpole, mwenye adabu, kila mwisho wa mwezi anakuja Kaloleni na mananasi. Mananasi ya Sondu ni matamu, hakuna anayekataa. Mpishi aliyapokea, akayanusa, akayagawa kwa majirani. "Haya ni manyunyu," alisema kijana akishaondoka. "Mvua ni posa." Mwaka ukapita wa mananasi. Mwingine ukaanza. Mpishi akaacha kuyanusa. Siku moja kijana aliinuka kuaga, na Mpishi akamshika mkono asiuachie.

"Mwanangu," akasema, "mimi mkulima wa zamani. Shamba langu halingoji masika mengine."

Salma alitamani ardhi immeze. Kijana naye akaelewa. Posa ililetwa mwezi uleule, na wazee wake, na mbuzi, na bila nanasi hata moja.

Hapo ndipo mwana mkubwa wa Mpishi alipokuja kutoka Mombasa. Simlaumu, alikuwa anamwonea baba yake huruma, lakini alikuwa na maneno makali. Alisema mzee haoni, ataungua, atawaunguza watu, na aibu ya wali mbovu itakuwa ya ukoo mzima. Yeye atalipia kampuni ya mapishi, wenye majiko ya gesi na kofia nyeupe. Tulikuwa barazani kwa Mpishi, nimeenda kupima uwanja. Mpishi alikuwa amesimama, mwiko umeegemea ukuta nyuma yake.

"Naona, naona," akasema. "Ni manyunyu tu."

"Baba, hii rangi gani?" mwanawe akauliza, akainua kitambaa cha mfukoni.

Mpishi akapeleka mkono nyuma, akapapasa ukuta akiutafuta mwiko. Mimi nikatazama uwanja, ingawa nilikuwa nimeshaupima. Aliyesema ni Salma, kutoka mlangoni. "Harusi ni yangu," akasema. "Babu asipopika, wageni watakunywa maji." Akarudi ndani. Nilimpenda sana yule msichana siku hiyo.

Siku yenyewe ilianza na jua la kuchoma. Nilifunga tenti mbili kubwa za wageni nyuma ya nyumba, na ya tatu, ndogo, nyeupe, mpya kabisa, ambayo nilikuwa sijaikodisha kwa mtu yeyote. Hiyo ilikuwa ya Salma na bwanake kukaa chini yake wakipigwa picha. Mpishi alikuwa ameshawasha moto uwanjani, mbali na tenti, kama kawaida yake. Mwanawe alisimama hatua chache kutoka pale, amekunja mikono, tayari kumdaka.

Hakukuwa na la kumdaka. Aliyemwona siku ile angesema anaona. Vitunguu alivisikiliza, alisema vikiiva vinabadilisha sauti, na kweli aliagiza nyama itiwe kabla mtu yeyote hajasema viko tayari. Bizari aliipima kiganjani. Maji aliyapima kwa mwiko, dole gumba likiwa mahali palepale lilipokaa miaka yote. Wanawake wa vitunguu walimzunguka bila kumgusa, wakimsogezea kitu pale mkono wake ulipokuwa unaelekea. Wali ukaingia, ukachemka, ukaanza kukauka. Akachovya vidole, akaunyunyizia. Wakapanga makaa juu ya kifuniko, wakaacha ukingo bila kuambiwa.

Na upepo ukageuka. Nilitazama Nandi, nikaona nilichokijua.

"Mama Viti," akaita.

"Nipo, Mpishi."

"Usiniambie kitu."

Akainama, akaweka sikio karibu na kifuniko, karibu mpaka nikaogopa. Tone likaanguka. Tss. Kimya. La pili, tss. Kimya tena. "Manyunyu," akasema, na nilitazama ukingo, ulikuwa mkavu, alisema kweli. Yakaja matatu pamoja, kisha mengi, kisha ile tss ikakatika. Tone likianguka kwenye maji halilii. Niliona ukingo umelowa na maji yanaanza kusogea kuelekea kwenye makaa, na moyo wangu ukarudi Awasi. Nilimjua mtu huyu. Alikuwa amesema manyunyu kwa uji wa Awasi, kwa kaburi la mkewe, kwa macho yake mwenyewe. Angelisema tena sasa, harusi ya Salma ingekula bokoboko, na mwanawe angekuwa na haki kwa maneno yote aliyoyasema.

Mpishi akanyooka. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kofia.

"Mama Tenti," akasema.

Sikuelewa kwamba ananiita mimi. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

"Mama Tenti, hii ni mvua. Lete tenti yako."

Sikufikiri mara mbili. Tuliikimbilia ile nyeupe, tukaing'oa, vijana wangu miguu miwili, mimi mmoja, na wa nne nilipogeuka nikakuta umeshikwa na mwanawe Mpishi, suti na kila kitu. Tukaibeba hivyohivyo imesimama mpaka juu ya moto. Moshi ukajaa ndani, cheche zikapanda kuelekea turubai langu jipya, na nawaambia kweli sikuzijali. "Inueni upande mmoja moshi utoke," Mpishi akaamuru akikohoa. Tukainua. Mvua ikashuka kama mtu amemwaga magunia ya njugu juu ya bati. Mwanawe alibaki ameshika ule mguu wa tenti mpaka makaa yakaondolewa.

Kifuniko kikafunuliwa. Kila punje ilikuwa imesimama kivyake.

Salma hakutakiwa kutoka nje mpaka aitwe, lakini alitoka. Alikuja amekunja gauni, miguu mitupu kwenye matope, hina mpaka kwenye vifundo. Akachota wali kwa vidole kwenye sufuria, akala. "Chumvi sawa, Babu," akasema. "Si mbaya."

Mpishi alicheka. Akanyoosha mkono, akaupata utaji wake, akaufuata mpaka shavuni. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Umevaa rangi gani, mama?"

"Kijani, Babu."

"Bibi yako pia alivaa kijani," akasema.

Wakaja wanawake kumrudisha Salma ndani kwa kelele na vigelegele, wakampangusa miguu mlangoni. Wageni wakaanza kupakuliwa. Tulibaki wawili chini ya tenti nyeupe, mvua ikipiga juu, yeye ameshika mwiko bado. Uso wake ulikuwa umelowa, na ulizidi kulowa, mpaka kwenye ndevu.

"Hii tenti yako," akasema, "inavuja."

Niliinua macho. Nililichunguza turubai lote, kona hadi kona, pale zilipopita cheche na pale ambapo hazikupita. Halikuwa na tundu hata la sindano, na hapakuwa na tone lililoanguka karibu naye. Jibu langu la miaka yote lilikuwa mdomoni.

"Ndiyo, Mpishi," nikasema. "Inavuja."

"Si nimekuwa nikiwaambia watu?" Akanyoosha mkono na kunipa ule mwiko niushike. "Sasa niletee kiti, Mama Viti."